Mizani na Wapimaji Wake

Katika ushairi wa Kiswahili, neno mizani linajulikana na kila mpenzi wa tungo. Ni hesabu ya silabi: 16 katika mshororo wa shairi la tarbia, 8 kwa 8, na 8 tu katika mshororo wa utenzi. Hesabu hiyo haina siri. Malenga akipunguza silabi moja, msikilizaji aliyekaa pembeni mwa baraza atalisikia pengo, hata kama mwenyewe hajapata kutunga ubeti mmoja. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, hakuleta mizani mpya. Mizani ilikuwapo kabla yake kwa karne nyingi. Alichofanya ni kuziandika kanuni mahali pamoja, kwa lugha ya watu wote, hata msomaji wa kawaida akaweza kumpima mtunzi kwa kipimo kilekile anachojipimia mtunzi. Kwa kanuni hizo angeweza kupimwa hata Amri mwenyewe.

Miaka hiyohiyo, mbali na pwani, neno mizani lilikuwa likitamkwa kwa uchungu. Huko Usukuma, kusini na mashariki ya Ziwa Viktoria, mizani ilikuwa chombo cha chuma kilichosimamishwa katika kituo cha kununulia pamba, na aliyekisoma alikuwa mtu mmoja tu: mnunuzi. Kisa cha wakulima waliodai haki ya kukisoma chombo kile kinastahili kukumbukwa leo, kwa sababu mizani ya tatu imeingia katika maisha ya watu, nayo imejificha ndani ya kompyuta, simu na mashine nyingi nyinginezo. Wakulima wa Usukuma hawakuwa na kompyuta. Lakini swali ambalo wenye kompyuta wanaulizana hivi sasa, la nani ana haki ya kuona kinachotendeka ndani ya chombo, wao walikwisha kuliuliza na kulijibu kwa vitendo.

Mkoa wa Simiyu ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuumega mkoa wa Shinyanga na kuongeza eneo la Busega lililokuwa upande wa Mwanza. Makao yake makuu ni mji wa Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Lakini ardhi yake ni ya zamani katika habari za pamba. Wakati wa utawala wa Waingereza, nchi ya Ntuzu, ilipo Bariadi ya leo, ilihesabiwa katika wilaya ya Maswa, ndani ya Jimbo la Ziwa. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ilipita Malampaka, na marobota yakapata njia ya kwenda pwani na kutoka pwani kwenda ng'ambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilitanda kwa kasi. Watu wakahamia mapori mapya, wakafyeka, wakapanda, na kila mwaka wakabeba mavuno yao hadi kituoni.

Hapo kituoni ndipo mambo yalipokuwa magumu. Vituo na viwanda vya kuchambulia pamba vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye leseni, wengi wao wenye asili ya Kihindi, na bei ilipangwa na Serikali. Mkulima hakuweza kujadiliana juu ya bei, na mnunuzi naye hakuweza kuipunguza waziwazi. Kilichobaki bila mwenyewe ni uzito. Mtu aliyekuwa amepalilia shamba kwa miezi, akavuna kitumba kimoja kimoja, akachambua nyeupe na yenye madoa, alifika mbele ya mizani na kuambiwa ratili zake ni kadha wa kadha. Hakuwa na la kujibu. Wengi hawakujua kusoma tarakimu. Waliojua hawakuruhusiwa kusogea. Malalamiko ya kupunjwa yalienea vijijini mwaka baada ya mwaka, na yule aliyelalamika aliweza kuambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba hana ushahidi. Ni kweli, hakuwa nao. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya chombo ambacho hakuruhusiwa kukichungulia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichukua hatua ambayo ukiitazama kwa haraka ni ndogo. Waliweka wapimaji wao wenyewe. Watu hao, waliochaguliwa na wakulima, walikuwa na kazi ya kuupima mzigo na kuulinganisha na hesabu ya mnunuzi. Waliitwa wapimaji huru. Aliyejitokeza mbele katika harakati hizo ni Paul Bomani, kijana aliyezaliwa mwaka 1925, aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Kutokana na upimaji huo huru kikazaliwa Chama cha Wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na kutokana na chama hicho ukazaliwa mwaka 1955 Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, uliojulikana kwa herufi zake VFCU. Mwaka 1956 wakulima walifungua kiwanda chao cha kuchambulia pamba huko Kasamwa, Geita. Kufikia mwisho wa mwongo ule, pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikipitia mikononi mwa ushirika. Bomani mwenyewe alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru, na baadaye balozi nchini Marekani.

Historia husimulia zaidi vyama na viongozi kuliko wale wapimaji. Lakini inafaa kutua kidogo hapo penye mizani, kabla ya vyama. Wakulima hawakudai kwamba kila mmoja wao afundishwe ufundi wa mizani, wala hawakudai wapewe mizani bure. Walidai kwamba awepo mtu wa kuaminiwa nao, mwenye haki ya kutazama. Mpimaji mmoja aliyejua kusoma ratili aliwalinda mamia ambao hawakujua. Na mnunuzi mwaminifu hakupoteza kitu kwa kutazamwa. Alipata hata faida, maana sasa uaminifu wake uliweza kuthibitishwa.

Kisa hakikuishia kwenye ushindi. Chombo kilipokwisha kuwa cha ushirika, wengi walidhani hakuna tena haja ya kukichungulia, kwa kuwa sasa ni chetu. Miaka kumi haikupita kabla ya malalamiko kurudi, safari hii dhidi ya vyama vyenyewe. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza mwenendo wa vyama vya ushirika nchini Tanzania, na miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni kwamba wanachama hawakuwa na taarifa za kutosha juu ya vyama vyao wenyewe. Mwaka 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika. Vilirudi mwaka 1984, ndipo Shinyanga ilipopata SHIRECU na Mwanza ikapata Nyanza. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa tena. Na mwaka 2018 pamba ikaelekezwa kupitia vyama vya msingi vya wakulima. Mara nne mizani ilibadilisha mwenyewe. Kila mara swali la mkulima lilibaki lilelile, kwa sababu kubadilisha mwenye mizani ni jambo moja, na kuwa na haki ya kuipima mizani ni jambo jingine.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mjadala wa programu za kompyuta. Programu, kwa asili yake, ni maandishi. Mtu hukaa akaandika maagizo kwa lugha maalumu ambayo mtu mwingine aliyejifunza anaweza kuisoma: ikiwa hivi, fanya vile, jumlisha hiki na hiki, ukikuta kosa, toa taarifa. Maandishi hayo huitwa msimbo. Kisha msimbo hugeuzwa kuwa mfululizo wa sifuri na moja ambao mashine huutekeleza lakini binadamu hawezi kuusoma kwa maana. Anayeuza programu anaweza kumpa mnunuzi vyote viwili, au akampa ule mfululizo tu na kuuficha msimbo. Akifanya la pili, mnunuzi anakuwa na chombo kinachofanya kazi, lakini hawezi kujua kinafanyaje, hawezi kukirekebisha, wala hawezi kumwita jirani mwenye ujuzi amtazamie. Yupo mbele ya mizani ya mnunuzi.

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hadi miaka ya 1970, waandishi wa programu katika vyuo vikuu vya Marekani walizoea kupeana msimbo kama majirani wanavyopeana moto. Richard Stallman, aliyefanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT, alikuwa ameirekebisha programu ya mashine ya kuchapia ili iwajulishe watu karatasi zinapokwama. Mnamo 1980 maabara ikapewa mashine mpya ya Xerox, nzuri na ya kasi, nayo ikakwama vilevile. Lakini safari hii msimbo haukuletwa pamoja nayo. Stallman akamwendea msomi mmoja wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo huo, naye akamnyima kwa sababu alikuwa ameahidi kutompa mtu yeyote. Jambo ni dogo, karatasi zilizokwama tu. Lakini mtu aliyejua kulitengeneza alikatazwa kulitengeneza, na watu wa jengo zima wakaendelea kusubiri karatasi zao.

Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ulio huru. Mwaka 1989 ikatoka leseni maarufu ya mradi huo, na mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaanza kuandika kiini kilichoitwa Linux, ambacho baadaye kiliunganishwa na kazi ya GNU. Madai ya wenye fikra hiyo ni manne. Mtumiaji awe huru kuitumia programu kwa kazi yoyote. Awe huru kuusoma msimbo wake na kuubadilisha. Awe huru kuinakili na kumpa mwenzake. Na awe huru kuwagawia wengine kile alichokirekebisha. Programu yenye sifa hizo huitwa programu huria.

Hapa Kiswahili kinampa msomaji wake nafuu ambayo Kiingereza kinamnyima. Waingereza wana neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyetawaliwa, na wanaharakati wa programu wametumia miaka mingi kueleza kwamba wanakusudia la pili. Mswahili hana haja ya maelezo hayo. Bure ni bure, na huru ni huru. Tena bure ina maana yake nyingine ya siku zote, ile ya kazi iliyopotea. Na kweli, programu nyingi zinazotolewa bure kwenye simu humgharimu mtu habari zake zote bila yeye kujua. Programu huria inaweza kuuzwa, na programu ya bure inaweza kuwa imefungwa kwa kufuli. Mpimaji huru wa Usukuma naye jina lake halikuhusu malipo. Lilihusu kwamba hakuwa mtu wa mnunuzi.

Upo ubishi ambao husikika kila jambo hili linapozungumzwa. Mkulima wa Itilima, au muuguzi wa zahanati ya kijiji, au karani wa shule ya sekondari, atafanya nini na msimbo? Hajui kuusoma, wala hana muda wa kujifunza. Ubishi huu ungekuwa na nguvu kama historia ya mahali pale isingekuwa imekwisha kuujibu. Mkulima wa mwaka 1951 naye hakujua kusoma ratili. Haki ya kutazama haikumtaka ajue. Ilimtaka awe na uwezo wa kumpeleka anayejua.

Mfano ulio karibu uko katika zahanati zenyewe. Kwa miaka mingi watumishi wa afya Tanzania wamejaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya: wajawazito wangapi, watoto wangapi wamechanjwa, wagonjwa wangapi wa malaria. Kufikia mwaka 2013, Simiyu ikiwa na umri wa mwaka mmoja, majumuisho ya vitabu hivyo yalikuwa yakiingizwa nchini kote katika programu iitwayo DHIS2. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuondoka, na mlezi wake leo ni Chuo Kikuu cha Oslo. Ni programu huria. Muuguzi wa Meatu anayehesabu chanjo kwa kalamu hana habari na msimbo wa DHIS2, lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameusoma, wameshiriki kuufanya ukidhi mahitaji ya nchi, na hawakuhitaji kumwomba ruhusa mtu yeyote. Hao ndio wapimaji wake.

Kwa wapenzi wa lugha, mfano mkubwa zaidi ni wa mwaka 2004. Mradi ulioitwa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, ulitafsiri kwa Kiswahili programu za ofisini za OpenOffice, za kuandikia barua, kufanyia mahesabu na kuandalia maonyesho. Mwezi Desemba mwaka huo ikazinduliwa Jambo OpenOffice. Haikuwa kazi ndogo. Kila neno dogo la kwenye skrini lilitaka uamuzi, na kila uamuzi uliwagawa watu. Kiswahili cha miaka hiyo kilikuwa kingali kikibishana hata juu ya jina la mashine yenyewe: wengine wakisema kompyuta, wengine ngamizi, wengine tarakilishi, neno lililojengwa kwa tarakimu na akili. Watafsiri wa Kilinux walifanya kazi ambayo mtafsiri yeyote wa fasihi anaifahamu, isipokuwa kwamba matini yao ilikuwa na vipande maelfu visivyo na muktadha, na kila kipande kilitakiwa kitoshe ndani ya kitufe.

Lakini kabla ya kutafsiri neno la kwanza, jambo moja lilikuwa limekwisha kuamuliwa na wengine. OpenOffice ilikuwa imetokana na programu ya kampuni ya Kijerumani, StarOffice, iliyonunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 1999. Na mwaka 2000 Sun ikautoa msimbo wake hadharani. Kwa hiyo watu wa Dar es Salaam hawakubisha hodi mlangoni kwa mtu. Mlango ulikuwa wazi, wakaingia. Wiki chache kabla ya uzinduzi wao, Oktoba 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alikuwa ametoa mfumo huria wa Ubuntu, jina lenye shina moja na neno letu utu.

Mwaka huohuo wa 2004 kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza kwamba itazitafsiri programu zake kwa Kiswahili, na Windows XP ikapata sura ya Kiswahili. Si haki kuidharau kazi hiyo. Waliofanya istilahi walikuwa wajuzi, na mtumiaji wa kawaida alifurahi kuona lugha yake. Ila tofauti ilikuwa katika kile alichopewa. Katika njia ya kwanza, Mswahili alipewa chombo na haki ya kukifungua. Katika ya pili, alipewa maandishi ya Kiswahili juu ya sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mwingine. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, sura ile ya Kiswahili ikazeeka pamoja nayo, na hakuna fundi wa Mwanza wala wa Unguja aliyekuwa na haki ya kuuendeleza mfumo wenyewe, hata kama angekuwa na uwezo.

Na Jambo OpenOffice je? Hapa ndipo pa kusema kweli. Haikuenea kama ilivyotarajiwa. Kompyuta nyingi mashuleni na maofisini ziliendelea kutumia programu zilizofungwa, aghalabu nakala zilizochukuliwa bila leseni, na kwa Kiingereza. Watu walizoea walichokizoea. Walimu walifundisha walichofundishwa. Kazi iliyofanywa na wachache ilihitaji wengine wa kuipokea, na wapokeaji hawakutosha. Uhuru wa programu ulikuwepo kisheria, kama haki ya wapimaji ilivyokuwepo baada ya 1955, lakini wapimaji walikuwa wamekwenda nyumbani.

Hata hivyo kazi haikufa, na sababu ya kutokufa kwake ni ule uhuru. OpenOffice ilipogawanyika na LibreOffice ikazaliwa mwaka 2010, tafsiri ya Kiswahili ilihama nayo. Kiswahili cha Tanzania kimo hadi leo katika orodha ya lugha za LibreOffice, ingawa tafsiri yake haijakamilika. Kimo pia kisahihishi cha tahajia, ambacho orodha yake ya maneno ilitokana na juhudi za Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, Kenya. Orodha ya Mkenya ikaingia katika Kiswahili cha Tanzania, ndani ya programu iliyoanzia Ujerumani, bila mtu kuuliza pasipoti yake. Mtu wa Bariadi mwenye intaneti anaweza leo kuichukua, akaongeza maneno yanayokosekana, akawagawia wengine. Mlango bado uko wazi.

Watu wa pwani wenye kupenda hati za kale wanaweza kuliona jambo hili kwa jicho lao. Tenzi za zamani zilitufikia kwa kunakiliwa. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki katika miaka ya 1940, alinakili kwa mkono wake tenzi nyingi ambazo leo ziko katika maktaba za ulimwengu. Alilipwa kwa kazi ya mkono wake, na ni haki yake. Lakini hakumkataza mpokeaji kuzisoma herufi, wala kulinganisha nakala moja na nyingine, wala kumpa mwanafunzi wake anakili tena. Kama tenzi zile zingetunzwa katika chombo kinachomruhusu mtu kusikiliza tu bila kuona maandishi, zingekwisha siku chombo kilipoharibika. Kwa hiyo hofu ya kwamba uhuru wa kunakili utamnyima fundi riziki yake ina ukweli ndani yake na inataka kujibiwa kwa malipo ya haki, si kwa kufuli. Wapo mafundi wengi duniani wanaolipwa mishahara kuandika programu huria, kama Kijumwa alivyolipwa kunakili.

Hali ya leo imelifanya swali hili kuwa zito kuliko lilivyokuwa mwaka 2004. Wakati ule kompyuta ilikuwa kitu cha ofisini na cha kahawa ya intaneti mjini. Fedha ya simu ilipoingia Tanzania mwaka 2008, programu iliingia katika mfuko wa mkulima. Leo kuna simu zinazouzwa kwa mkopo ambazo mwenyewe akichelewa kulipa, hujifunga kutoka mbali kwa amri ya mkopeshaji. Deni ni deni, na dawa yake ni kulipa. Lakini msomaji na atazame kilichobadilika: zamani mdai alikuja mlangoni, akaonekana, akasikilizwa na majirani. Sasa chombo kilichomo mkononi mwa mdaiwa, chenye namba za ndugu zake na pesa zake, kinamtii mtu mwingine. Ikiwa kimejifunga kwa makosa, hakuna wa kukichungulia.

Mizani yenyewe nayo imebadilika. Mahali pa mkono wa chuma na kijiwe kinachosogezwa, mizani za kielektroniki zimekuja na kioo kidogo chenye tarakimu zinazong'aa. Zina faida ya wazi: mkulima anayejua kusoma tarakimu anaiona hesabu yake. Tanzania ina Wakala wa Vipimo tangu mwaka 2002, na maofisa wake huzipima mizani kwa mawe ya uzito unaojulikana na kuziwekea alama. Ni ulinzi mzuri, na kwa mizani ya chuma ulitosha, maana chuma hakijui kama leo kimejiwa na mkaguzi.

Programu inaweza kujua. Ulimwengu ulipata ushahidi wa jambo hilo mwaka 2015. Kampuni ya magari ya Volkswagen ilikuwa imeweka ndani ya magari yake ya dizeli programu iliyotambua pale gari linapopimwa moshi. Likiwa katika kipimo, moshi ulipungua. Likirudi barabarani, ukaongezeka mara nyingi. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na udanganyifu huo. Wakaguzi wa serikali, wenye maabara na vyombo vya kila aina, walidanganywa kwa miaka kadhaa, hadi watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walipoyapima magari yakiwa njiani badala ya maabara. Haisemwi hapa kwamba mizani yoyote ya pamba imetiwa hila kama hiyo. Linalosemwa ni kwamba chombo chenye programu ndani yake hakithibitishwi kikamilifu kwa jiwe la nje peke yake. Lazima awepo mtu, asiyekuwa wa muuzaji wala wa mnunuzi, mwenye haki ya kuyasoma maandishi yanayokiongoza.

Haki hiyo haimalizi udanganyifu. Msimbo ulio wazi unaweza kuwa na makosa kwa miaka bila kuonekana, ikiwa hakuna anayeusoma. Na chama cha wakulima kinaweza kuwadhulumu wakulima, kama miaka ya 1960 ilivyoonyesha. Ndiyo maana haki ya kutazama inakwenda pamoja na kazi ya kutazama, na kazi hiyo inataka watu waliofundishwa. Vijana wanaojifunza kompyuta katika shule za Bariadi na Maswa hufundishwa zaidi mahali pa kubonyeza. Ni sawa na kumfundisha mtu mahali pa kuweka gunia na kumwambia asitazame tarakimu. Wachache wao wakifundishwa kuusoma msimbo, na kuusoma kwa Kiswahili walichokizoea, mkoa utakuwa na wapimaji wake tena. Na hapa watu wa lugha wana deni lao. Istilahi zilizoanzwa mwaka 2004 zimeachwa nusu njia. Hakuna sheria inayomzuia mshairi wala mtafsiri kuzikamilisha, na kazi ya kupata neno fupi, lenye maana kamili, linalotosha mahali pake, si ngeni kwa mtu aliyezoea kutafuta silabi 8.

Kila mwaka, karibu na mwezi Mei, msimu wa kununua pamba hufunguliwa. Wakulima wa Simiyu huleta mavuno yao katika vituo vya vyama vyao, mzigo huwekwa juu ya mizani, na idadi hutajwa. Zaidi ya miaka 70 iliyopita, katika nchi hiyohiyo, watu walisikia idadi yao ikitajwa, wakauliza nani ameisoma na kwa ruhusa ya nani. Hawakuwa wasomi, na swali lao lilitosha kuanzisha chama. Wajukuu wao wanayo haki ya kuliuliza tena mbele ya kioo kinachong'aa.